Gari la Kijijini Hulala Kijijini

Anayepanga kwenda Mkumbi, wilayani Mbinga, kwa mara ya kwanza huulizia nauli. Nauli si shida, kila mtu stendi ataitaja na majibu yatakaribiana. La kuuliza ni hili: gari linalala wapi? Magari mengi ya vijijini, Mbinga kama kwingineko Tanzania, hulala kijijini. Alfajiri yanashusha mjini watu wa hospitali, wa soko, wa benki na wenye shughuli halmashauri. Alasiri yanarudi nao pamoja na mizigo yao. Mgeni anakwenda kinyume na mtiririko huo. Ukifika stendi ya Mbinga saa mbili asubuhi na haraka zako, utakaa hadi mchana ukiitazama haisi ileile ikingoja wenyewe wamalize shughuli. Siku ya kutoka kijijini nayo, ukiamka saa moja, gari limeshaondoka zamani.

Kwa hiyo panga safari ukianzia mwisho. Muulize konda, si mpiga debe, kesho gari linatoka kijijini saa ngapi na linapitia wapi, kisha umwachie namba yako ya simu. Konda wa huku anawajua abiria wake kwa majina, na akijua yuko mgeni mmoja anayetaka kutoka, atakupigia kabla hata jogoo hajamaliza.

Songea hadi Mbinga hakuna fumbo: ni kama kilomita 100 za lami, na costa na haisi zinapishana kutwa. Anayetoka Dar es Salaam ndiye wa kuangalia saa. Tangu serikali iruhusu tena mabasi kusafiri usiku, mwaka 2023, unaweza kushushwa Songea saa tisa za usiku. Ukiwa peke yako usianze kutafuta gesti saa hizo. Kaa ofisi ya basi au palipo na taa na watu mpaka kupambazuke.

Stendi, begi lako lisishikwe na mtu kabla hujaliona gari kwa macho. Utaambiwa limejaa, bado wewe tu. Chungulia. Waliokaa ndani wanaweza kuwa vijana wa stendi walioketi ili gari lionekane lina watu. Abiria wa kweli ana mzigo: mche wa sabuni, mfuko wa mbolea, bati mbili zimefungwa kamba, kuku chini ya siti. Ukiona miguu mitupu isiyo na furushi lolote, nenda kanywe chai kwanza.

Kusafiri peke yako kuna raha yake, kwani siti moja haikosekani. Shida ni kwamba hakuna wa kukuangalizia kitu wakati wa kuchimba dawa. Dawa yake ni jirani. Mwamkie mama uliyekaa naye, shikamoo kwanza, umwambie unakoshukia. Mwanamke anayesafiri peke yake afanye hivyo hata kabla ya kulipa nauli. Ukishafanya hivyo, ujue na wewe utahojiwa: unakwenda kwa nani? Jibu la "natembea tu" halimridhishi mtu, kwa sababu kijijini anayekuja ana mwenyeji au ana shughuli. Kuwa na jibu la kweli. Umekuja kuona kahawa, au ngolo, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo, wenyeji wa huku, huchimba kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo wao. Ukitaka kulala au kupiga picha mashambani, pita ofisi ya mtendaji wa kijiji ujitambulishe. Ni dakika chache, na kuanzia hapo una mwenyeji.

Fedha: toa Mbinga mjini, tena iwe ndogondogo. Wakala wa kijijini mara nyingi hana floti, na noti ya elfu kumi kwa nauli ndogo ni kumtafutia konda sababu. Akikosa chenji ataandika kiasi nyuma ya tiketi, na tiketi isipokuwepo, mkumbushe mbele ya jirani yako kabla hamjafika. Msimu wa kahawa, katikati ya mwaka, pesa zinapoingia, magari hujaa na gesti za mjini pia. Miezi hiyohiyo baridi ya Umatengo haitanii, maana milima yake inakaribia mita 2,000, kwa hiyo sweta ikae mkononi, isiwe ndani ya begi lililo juu ya keria ya gari. Begi lenyewe lifunge ndani ya mfuko wa salfeti. Kiangazi utashukuru kwa ajili ya vumbi, na masika kwa ajili ya tope. Masika pia uliza njia kabla ya kulipa. Gari linaweza kuishia nusu ya safari, na bodaboda ya mlima wenye utelezi si ya kupanda na begi mgongoni jioni.

Usirudi Songea moja kwa moja ikiwa una siku ya ziada. Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami zinazoteremka mpaka Ziwa Nyasa, ambalo mwinuko wake haufiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Sweta utaivua njiani. Ukitaka kutokea Kyela, kuna meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, ambayo hugusa bandari ndogo kama Liuli, Manda na Lupingu. Ratiba usiichukue kwa mtu wa Mbinga hata akiapa. Nenda bandarini mwenyewe, uliza siku moja kabla, na usilipie gesti ya usiku wa pili mpaka uwe umejibiwa.