Tupime Maji Pamoja na Watoto

Jumamosi moja tuliwakusanya watoto wa jumuiya yetu hapa Bonde la Ufa, tukapima maji tunayotumia nyumbani. Dawa za maabara hatukuwa nazo. Tulitumia kabeji ya zambarau tu! Nanyi mnaweza kufanya hivi:

1. Katakata majani manne ya kabeji. Mtu mzima ayamiminie maji ya mvua yaliyochemka, mngoje dakika 20, kisha mchuje. Msitumie maji ya kisima hapa, yanaweza kubadilisha rangi kabla hamjaanza.

2. Pangeni glasi: ya maji ya limau, ya maji yenye magadi, ya mvua, ya kisima na ya mto. Andikeni jina kwenye kila glasi. Mtoto yeyote asionje.

3. Tieni vijiko viwili vya maji ya kabeji katika kila glasi, mlinganishe. Nyekundu ni asidi. Zambarau ni katikati. Buluu hadi kijani ni alkali, kama magadi.

Wataalamu hutumia kipimo cha pH, kuanzia 0 hadi 14, katikati ikiwa 7. Chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali. Maji ya Ziwa Bogoria hufika karibu 10.

Kwetu, maji ya kisima yaligeuka buluu. Kijana mmoja akainua chombo cha maji hayo, akasema, "Basi haya hayana asidi, ni safi!" Alitaka kunywa. Tukamzuia. Hapo tukatambua kwamba tulikuwa tumefundisha nusu ya somo.

Rangi haionyeshi viini vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Haionyeshi floraidi pia, ambayo katika visima vingi vya Bonde la Ufa hufanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Kuchemsha huua viini, lakini floraidi haitoki. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja, na hicho hupimwa maabara.

Kwa hivyo wazazi, pelekeni maji ya kisima yakapimwe. Wadogo wapeni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, kwani huwa na floraidi kidogo sana.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kisima chetu kimewahi kupimwa floraidi?
(b) Ni nyumba ngapi zina mifereji ya kukinga mvua?
(c) Nani atapeleka maji maabara, na lini?