Usiandike Barua ya Kujiuzulu, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, najua unavyojisikia. Umeingia kazini, salamu zimepoa, na meneja anakuuliza habari za dawa ulizoandikiwa hospitali, nawe hukumwambia mtu. Hapa Garsen tunajuana; neno likitoka Minjila asubuhi, adhuhuri lishafika Hola. Unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Umeshika kalamu uandike kwamba unaacha kazi. Iweke chini kwanza.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hatangazi. Aliyekosa ni aliyetoa siri, si wewe uliyeumwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha yako, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu atunze siri za mgonjwa. Kama ni virusi vya Ukimwi, iko sheria ya 2006 yenye baraza lake maalumu la kusikiliza mashtaka hayo.

Usiniambie mnyonge hana haki. Mwanamke mmoja, mahakamani akiitwa J.A.O., alipimwa virusi vya Ukimwi bila ridhaa yake, majibu yakaenda kwa mwajiri, kazi ikaota mbawa. Aliwashtaki mwajiri, daktari na hospitali. Walitaka kesi itupwe. Mahakama Kuu ikakataa mwaka 2004. Mwaka 2008 akapata fidia ya zaidi ya shilingi milioni mbili. Ilichukua miaka, sikufichi.

Siku hizi iko njia fupi zaidi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, unaweza kumlalamikia Kamishna wa Ulinzi wa Data hata kwa mdomo, na ofisi yake ikakuandikia. Uchunguzi unatakiwa uishe ndani ya siku 90. Ukiwa umefukuzwa, mwone afisa wa kazi kabla ya miezi mitatu kupita. Tafadhali, usikae nyumbani ukilia hadi muda ukuishie.

Sasa nikugombeze kidogo. Siku ya kuajiriwa ulitia sahihi karatasi gani? Mnapewa rundo, mnasaini bila kusoma, kwa furaha ya kazi. Itafute ile fomu ya vipimo. Hata kama uliruhusu wapime kifua, hukuruhusu faili zima lisomwe ofisini. Iandikie hospitali: nani alitoa habari zangu, lini, kwa nani? Omba na nakala ya rekodi zako. Nenda na nakala mbili za barua, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa meneja kwenye simu usiufute kwa uchungu, huo ni ushahidi. Na usiende kugombana na nesi dirishani. Utageuzwa wewe mkosaji.

Jambo ninaloliogopa zaidi ni wewe kuacha matibabu kwa kuona haya. Mficha uchi hazai, mpenzi. Kama nyuso za pale hospitali huwezi kuzitazama tena, omba uhamishiwe Hola au Malindi, na barua ya uhamisho uibebe mwenyewe mkononi.