Somo la Vyama vya Msingi: Kuvuna Magogo Bila Kuua Msitu



Msitu ni mfano wa fedha za chama: atumiaye faida hubakiwa na mtaji, alaye mtaji hufilisika. Mpingo huhitaji miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Kosa la leo watalilipa wajukuu.

Tutazame Kilwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji vya Tanzania kutenga misitu yao, kuisimamia na kuuza mazao yake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji huko Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanavijiji.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

(a) Miti ihesabiwe na kupimwa unene kwanza, ndipo kiwango cha mavuno kipangwe.

(b) Mti mchanga usikatwe, wala miti mikubwa isimalizwe yote, kwani ndiyo itoayo mbegu.

(c) Miti mikongwe yenye mashimo iachwe. Haifai kwa mbao, lakini ni makao ya nyuki wachavushao maua na hondohondo wasambazao mbegu.

(d) Kingo za mito zisiguswe.

(e) Kila gogo liandikwe daftarini kabla ya kuuzwa.

Swali la majadiliano: Mnunuzi akija na fedha taslimu, akitaka magogo kupita kiwango, Katibu atamjibu nini, na atamwonyesha daftari gani?