Mateka wa Akka

Iko picha ya kuchongwa ya karne ya 19, kazi ya Mfaransa Alphonse de Neuville. Yaonyesha mateka Waislamu wakichinjwa nje ya mji wa Akka kwa amri ya Mfalme Richard wa Uingereza, tarehe 20 Agosti 1191. Waliuawa wapatao 2,700.

Uitazamapo, usikimbilie chuki. Sultani Salahuddin naye aliamuru kuuawa kwa askari watawa wa Kikristo waliotekwa Hattin mwaka 1187. Kurani Tukufu, katika Sura Muhammad, yafundisha kwamba mateka waachwe kwa hisani au kwa fidia. Basi yapime matendo ya wote kwa mafundisho hayo, wala usiyapime mafundisho kwa matendo yao.