Masaa 72 hayangoji kikao cha wazee

Ndugu viongozi, akina mama na akina baba mliokimbia vijiji vyenu, somo hili ni juu ya ubakaji na vipigo vya nyumbani. Tutakaa zaidi kwenye jambo moja tunalolikuta mara nyingi tunapotembelea Kivu: desturi ya kumaliza kesi ya ubakaji “kirafiki”. Someni kwa kikundi, na asiyejua kusoma asomewe.

Tuchukue mfano. Msichana wa miaka 15 anaishi na wazazi wake kwa jamaa iliyowapokea. Jumatatu jioni, akitoka kuchota maji, kijana jirani anambaka. Jumanne mama anamwambia baba, naye baba anamwambia kiongozi wa wakimbizi. Kiongozi ni mtu mwema. Anasema: “Tungoje mjomba wa msichana afike, kisha tukae na jamaa ya kijana.” Mjomba anafika Ijumaa. Watu wanakaa, jamaa ya kijana inatoa mbuzi wawili, wanapeana mikono. Wanasema amani imerudi.

Sasa tuhesabu. Kutoka Jumatatu jioni mpaka Alhamisi jioni ni masaa 72. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe ndani ya masaa hayo, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Inamezwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia mpaka siku ya tano, lakini nayo ni bora mapema. Mjomba alipofika, mlango wa kwanza ulikuwa umekwisha kufungwa. Na pale kikaoni hakuna aliyemuuliza msichana anaumwa wapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiongozi ni kumsaidia afike kituo cha afya, kama mwenyewe anakubali, kabla ya kumtafuta mkosaji na kabla ya kuita jamaa. Matibabu hayangoji karatasi ya polisi. Kama kituo ni mbali, mtu atangulie kuuliza kama dawa ipo, maana wakati mwingine inakosekana. Asiseme ni ya nani. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Akiwa amekwisha kuoga asigombezwe, aende hivyo hivyo. Hata masaa 72 yakipita, aende: kuna matibabu ya magonjwa mengine ya zinaa, ya vidonda, na ya fistula. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imetibu wanawake wengi waliofika muda mrefu baada ya kuumizwa. Haya yote yanahusu pia wavulana na wanaume. Wao wanabakwa, na wengi wao hawasemi kamwe.

Tuje kwa wale mbuzi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 iliweka kwa ubakaji kifungo cha miaka 5 hadi 20, pamoja na faini isiyopungua franka 100.000. Sheria ya pili ya siku ile ile ilikataza kesi hii imalizwe kwa kulipa faini ya mapatano. Basi mbuzi hawafuti kosa. Na pengine kikao hakiombi mbuzi, kinaamua kijana amwoe msichana “ili heshima irudi”. Mzazi au mlezi anayemlazimisha mtu kuolewa anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 12, na adhabu inazidi ikiwa ni mtoto asiyefika miaka 18. Mimi nauliza tu: heshima ya nani imerudi, ikiwa msichana ataamka kila asubuhi kando ya aliyembaka?

Najua kwa nini jamaa zinapatana. Mahakama ni mbali, nauli hakuna, mkosaji pengine ana bunduki au ana ndugu mwenye bunduki. Baada ya Goma na Bukavu kutekwa mwanzoni mwa 2025, sehemu nyingi zilibaki bila mahakama za serikali zinazofanya kazi. Hakuna anayewaomba kumpeleka mtu mahakamani kwa nguvu. Kushtaki au kutoshtaki ni uamuzi wake. Lakini cheti cha daktari kikiandikwa mapema na kutunzwa mahali salama, njia inabaki wazi kwa siku atakayotaka. Makambini, afadhali nakala ibaki kituoni, kuliko chini ya godoro ambapo kila mtu anapita.

Siri ni nusu ya dawa. Kiongozi akijua, mtu wa pili ajue tu ikiwa aliyeumizwa amekubali. Jina lisiandikwe kwenye daftari la kambi.

Kuhusu vipigo vya nyumbani, wengi wetu tumezoea kuwaita bwana na bibi pamoja na kuwapatanisha. Ni hatari. Mama hawezi kusema ukweli mbele ya mtu atakayelala naye usiku ule. Asikilizwe peke yake, na mama anayemwamini, na aulizwe kwanza: je, leo usiku unaweza kurudi nyumbani? Kupiga na kuumiza mtu ni kosa katika sheria ya adhabu, na ndoa haikuwekwa kando. Tena, tangu Kanuni ya Jamaa ilipobadilishwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji ruhusa ya bwana yake ili kufungua kesi. Wengi hawajaambiwa.

Njaa na kukosa kazi vinaongeza hasira, ni kweli, lakini kuna baba wengi wenye njaa wasiopiga. Tuwape hao nafasi ya kusema mbele ya wengine.

Maswali ya kuzungumzia:

Kituo gani cha karibu kina dawa za masaa 72, na usiku tunafikaje?

Kwetu, kuni na maji vinatafutwa wapi, na nani anaweza kufuatana na akina mama?

Katika kamati yetu, mwanamke aliyeumizwa anaweza kumfikia mama gani bila kupita kwa mwanamume?

Kesi iliyomalizwa kwa mbuzi mwaka uliopita: yule msichana yuko wapi leo?