Hofu ya Mwanafunzi na Uchaguzi wa Chuo



Likizo iliyopita tukiwa mafrateri wawili parokiani, mama mmoja wa jumuiya alitufuata baada ya Misa. "Mafrateri, naomba mzungumze na mwanangu. Amerudi kutoka chuoni na hataki kusikia habari za chuo tena."

Kijana huyo alifaulu vizuri mchepuo wa PCM, akachaguliwa kusomea uhandisi wa umeme katika chuo kikubwa. Alituambia kuwa darasani walikaa mamia, hakuthubutu kuuliza swali hata siku moja, na kwenye mtihani wa hisabati mikono ilimtetemeka hata akashindwa kuandika. Tukamjibu haraka: "Jikaze, sali, Mungu atakusaidia." Hakutujia tena.

Ndipo tulipofungua daftari letu la falsafa ya maadili, tukaona kosa letu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauliza kama hofu humsaidia mtu kupata shauri. Anajibu kwamba hofu humsukuma mtu kutafuta shauri, lakini ikizidi huvuruga akili, na mambo yakaonekana makubwa kuliko yalivyo. Basi hofu ya kijana yule haikuwa ukosefu wa imani. Ilikuwa inaomba shauri, nasi tukaipa amri.

Tomaso anafundisha pia kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuamua na kutekeleza. Tulimwendea kijana nyumbani, tukamwomba radhi, tukayafuata yote matatu pamoja naye.

Kwanza, shauri. Tuliandika maswali ya kuuliza chuoni kabla ya kuomba nafasi. Darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wangapi? Mwalimu anapatikana ofisini saa ngapi? Anayefeli somo moja hurudia mtihani lini, na nani humsaidia kujiandaa? Mshauri wa wanafunzi yupo? Bweni liko karibu? Tulimshauri pia aende hospitali, kwa sababu hofu inayoondoa usingizi inahitaji tabibu pamoja na sala.

Pili, kuamua. Hapa tujihadhari. Udogo wa chuo peke yake si dawa. Chuo kidogo kisicho na karakana wala maabara kitamtuliza mwanafunzi leo na kumwacha bila ujuzi kesho. Tuhakikishe kwanza kwamba chuo kinatambuliwa na TCU au NACTVET. Kisha tukumbuke kwamba njia ya uhandisi si moja. Mtu anaweza kuanza na stashahada, akawa fundi sanifu, na baadaye akaomba shahada. Anayepitia njia hiyo hajashindwa.

Tatu, kutekeleza. Tomaso anaona tendo hili kuwa kuu katika busara, kwa kuwa shauri lisilotendwa halimfikishi mtu popote. Kijana alipanda basi na mama yake, wakatembelea chuo kimoja cha ufundi chenye madarasa madogo. Mwalimu wa karakana alimwuliza jina, akampa bisibisi afungue mota ya zamani. Aliporudi alitusimulia habari za ile mota kwa nusu saa nzima, na fomu ya maombi ameijaza mwenyewe. Mikono bado humtetemeka akitaja mtihani, lakini sasa anajua ni mlango gani atabisha.

Wazazi na walezi, jina kubwa la chuo hutupa fahari siku ya matokeo. Mtoto ndiye atakayekaa humo miaka minne. Tumsikilize kabla ya kumchagulia.

Maswali ya kujadili katika jumuiya
1. Kijana anapotuambia anaogopa, huwa tunampa shauri au amri?
2. Je, tunamfahamu mwanafunzi aliyerudi nyumbani kimya? Nani atamtembelea wiki hii?