KUSAFIRISHA MASHUA NDOGO KWA BARABARA
Mambo ya kutengeneza kabla ya safari

Mashua iliyo majini hubebwa na maji kila upande, wala hakuna ubao mmoja unaolemewa kuliko mwenziwe. Lakini ipakie mashua hiyo hiyo juu ya lori, nayo itakaa juu ya mahali pawili au patatu tu, na kila shimo la barabara litapapiga mahali hapo kama nyundo. Hivyo yaweza kutoka pwani ya ziwa bila dosari, ikafika na nyufa ambazo mwenyewe hazioni mpaka awe mbali na nchi kavu, na wanawe wakiwa ndani pamoja naye. Hiyo ndiyo sababu ya somo hili.

Kuchukua mashua juu ya nchi kavu si jambo geni. Mwaka 1915 Waingereza walizichukua mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa futi 40, kutoka Cape Town kwa reli, kisha wakazivuta katika misitu ya Kongo kwa mitambo ya mvuke na kwa maksai, hata zikafika Ziwa Tanganyika salama. Zililazwa juu ya vitanda vya mbao, maana waliozichukua walijua kwamba chombo kikikosa maji lazima kipewe kitu kingine cha kukishika.

Na sasa tuseme wewe, msomaji, umenunua mashua ya mbao ya namna ya sesse, yenye urefu wa meta 6, huko Kisumu, nawe wataka kuipeleka Ziwa Baringo. Safari ni ya karibu kilometa 300. Barabara hupanda kupita Kericho mpaka juu ya meta 2,400, kisha hushuka Nakuru, na tena hushuka mpaka Marigat penye joto kali. Haya ndiyo yakupasayo kufanya.

1. Isafishe na kuikausha. Toa maji yote, matope na majani. Gugu-maji lilionekana katika Ziwa Victoria karibu na mwaka 1990, nalo limewafungia wavuvi njia mara nyingi tangu hapo. Kipande kidogo kilichojificha chini ya mbao za sakafu chatosha kuanzisha shamba zima mahali pengine. Mwulize afisa wa uvuvi kabla ya kuihamisha.

2. Toa kila kitu kilicholegea. Makasia, nyavu, nanga na mlingoti vifungwe mbali. Injini ivuliwe isimamishwe wima na kufungwa barabara, isiachwe kuning'inia nyuma ya mashua. Tangi la petroli lisisafiri likiwa limejaa ndani yake.

3. Itengenezee kitanda. Lala boriti tatu za mbao kukingama sakafu ya lori: moja karibu na omo, moja katikati, na moja karibu na tezi. Mkuku ukae juu ya zote tatu sawasawa. Boriti moja ikiwa chini, weka kibao mpaka iguse. Kisha weka kabari zilizofunikwa kwa magunia kila ubavu, ili mashua isiyumbe. Shika sana neno hili: uzito wote uchukuliwe na mkuku, kabari ni za kuzuia tu, si za kubeba. Kabari ikibeba uzito, itausukuma ubao wa ubavuni mpaka utoke katika misumari yake.

4. Ifunge pande zote. Kamba za juu huizuia isiruke, lakini haziizuii isiteleze. Katika kupanda, mashua hutaka kurudi nyuma. Katika kushuka, hutaka kumjia dereva. Kwa hiyo funga kamba moja ya kuivuta mbele na nyingine ya kuivuta nyuma. Pale kamba zipitapo juu, weka ubao mgumu kutoka ukingo hata ukingo, usije ukaziminya mbavu zikaingia ndani. Kila mahali kamba igusapo mbao, weka gunia.

5. Kumbuka mvua. Kamba ya katani hukaza inyeshewapo, na ikikauka hulegea. Mvua za Kericho zinajulikana, nawe utashuka kutoka huko kwenda penye jua. Basi dereva na taniboi wake wasimame baada ya kilometa chache za kwanza, na tena baada ya kila mvua, wazikague kamba kwa mkono, si kwa macho tu. Tena mashua iliyo wazi juu hugeuka kuwa birika. Debe moja la maji lina uzito wa kilo 18 hivi. Madebe kumi ni kilo 180, na kitanda chako hakikutengenezwa kwa mzigo huo. Kama mashua ina nguzi, yaani tundu la kutolea maji, liache wazi njiani, na kizibo chake ukifunge penye usukani usije ukakisahau. Kama haina, ifunike kwa turubali lililoinuliwa katikati.

6. Waonye wengine barabarani. Ikiwa tezi yatokeza nyuma ya lori, funga kitambaa chekundu mwishoni mwake, na usiku weka taa nyekundu. Lakini ni afadhali kusafiri mchana.

Ukifika, usishike kasia siku hiyo hiyo. Upepo na jua vimezikausha mbao, nazo zimenywea na kuachana. Zikague kwanza zile sehemu zilizokaa juu ya boriti na karibu na kabari. Rudisha kizibo cha nguzi, kisha iteremshe mashua penye maji haba, uifunge, uiache siku moja au mbili ili mbao zivimbe. Maji yataingia mwanzoni, usishtuke. Yakombe, ungoje, uangalie tena. Yakiendelea kuingia mahali pamoja, hapo pana ufa, na pahitaji kukalafatiwa na fundi kabla mtu hajapanda.

Jirani watakusanyika wakutake uende majini upesi wakaione. Waambie wangoje. Ufa ulioonekana ukiwa umesimama katika maji ya magotini ni kazi ya seremala ya nusu siku. Usipoonekana hapo, utaonekana katikati ya ziwa.